Umeongeza kasi ya prosesa na RAM, sasa kompyuta inagoma: tuifuate dalili

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu kompyuta iliyoongezwa kasi huanza na neno moja: "Imekufa." Mara nyingi haijafa. Imesusa tu, kwa sababu mwenyewe jana usiku aliingia kwenye BIOS, ile kurasa ya mipangilio ya madabodi, akagusa vitu vinne kwa mpigo, akahifadhi, na leo hakumbuki aligusa nini.

Mfano wangu utakuwa mashine ninayoikuta mara kwa mara kwa vijana wanaojijengea wenyewe, ya gemu au ya kuhariri video: Ryzen 5 5600, madabodi ya B450 au B550 (soketi ya AM4), na vijiti viwili vya DDR4 vya GB 8 vilivyoandikwa 3600 CL18. Kama yako ni Intel yenye herufi K, au ni AMD ya soketi ya AM5 yenye DDR5, dalili ni zilezile. Panapotofautiana nitasema.

Jambo moja nilitangulize. Prosesa husingiziwa sana. Kwenye ovakloki, yaani kuongeza kasi kupita ya kiwandani, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM, na wengi wameiongeza kasi bila kujua, maana waliwasha XMP, ile profaili ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya kijiti, kwa kubofya mara moja wakadhani ni haki yao ya kuzaliwa. XMP yenyewe ni ovakloki. AMD imeidhinisha Ryzen 5600 kwa DDR4-3200. Hiyo 3600 ni ahadi ya aliyetengeneza kijiti, na aliyetengeneza prosesa hakuwepo walipoahidiana.

Kabla hujagusa kitu

Piga picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS uliobadilisha. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, kwa sababu RAM inayokosea haiharibu gemu peke yake. Makosa yake huandikwa kwenye diski pia. Kisha angalia kama Windows imefunga diski kwa BitLocker. Kama imefunga, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi sasa hivi. Kufuta mipangilio ya BIOS, au kupandisha toleo lake, kunaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo huo itakapowaka, na usipokuwa nao fundi hana la kukusaidia.

Halafu, RAM na prosesa zisiongezwe siku moja. Rudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwandani, thibitisha RAM, ndipo uje kwenye prosesa. Ukichanganya, kila skrini ya bluu itakuwa na washitakiwa wawili na hakuna atakayekiri.

"Nimehifadhi, feni zinazunguka, skrini nyeusi"

Sababu ya kwanza wala si hitilafu, ni papara. Ukibadilisha kasi au taimingi (muda wa kusubiri kati ya hatua) za RAM, madabodi huanza kuipima upya kabla ya kuonyesha chochote. DDR4 humaliza haraka. DDR5, hasa kwenye AM5 inapowashwa mara ya kwanza, inaweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Ukizima katikati, inaanza upya, na wewe unaamini imekufa. Iache robo saa. Kanywe chai.

Ikiwa robo saa imepita, tazama taa ndogo nne pembeni mwa madabodi, zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ikibaki inawaka ya DRAM, na wewe ulikuwa unagusa RAM, jibu unalo: kasi imekataliwa. Madabodi nyingi hujaribu mara chache, zikishindwa zinarudi zenyewe kwenye kasi ya chini na kukwambia uingie BIOS. Zisizorudi zinahitaji kufutwa mipangilio kwa mkono.

Zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Tafuta pini mbili za kufutia: kwenye ASUS zimeandikwa CLRTC, MSI ni JBAT1, Gigabyte ni CLR_CMOS. Zigusanishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi. Usipoziona, toa betri ya duara ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Washa.

Bado nyeusi? Toa vijiti vyote, acha kimoja, kiweke kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ile inayoitwa A2. Kisukume mpaka usikie "taki". Nimeshakuta vijiti vilivyoingia upande mmoja tu, na mwenyewe ameshaanza kutafuta pesa ya madabodi mpya. Kikigoma, jaribu cha pili peke yake.

Taa ya CPU ikibaki inawaka hata baada ya kufuta mipangilio, na wewe hivi karibuni ulitoa prosesa kubadilisha pesti ya kupitisha joto, mashaka yahamie kwenye pini. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti ikikauka hitisinki (kipoza joto) inaweza kuing'oa prosesa ikiwa bado imefungwa kwenye soketi. Kwenye Intel na AM5 pini ziko kwenye soketi, nyembamba kama nywele. Hapa weka chini vifaa. Pini moja iliyopinda kidogo, fundi mwenye darubini ya kusodia anaweza kuinyoosha; ukiijaribu kwa sindano ya kushonea, kesho zitakuwa tano.

"RAM ni 3600 lakini inafanya kazi 2133" na ndugu yake, "CPU-Z inaonyesha 1800, nimeibiwa?"

Hujaibiwa. RAM za DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo, kwa hiyo MHz 1800 ndiyo 3600 iliyoandikwa kwenye boksi. Tuendelee.

Ikiwa ni 2133 au 2400 kweli, profaili haijawashwa. Ingia BIOS kwa Delete au F2. Kwenye madabodi za ASUS za AMD utaikuta kwa jina la D.O.C.P., MSI ni A-XMP, AM5 ni EXPO. Ukiiwasha ikagoma, fuata mpangilio huu, maana ndio unaoanza na visivyo na gharama.

Anza na sloti. Vijiti viwili vikae A2 na B2, yaani sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Vikikaa 1 na 2 unabaki na njia moja ya data badala ya mbili, na kasi ya juu huwa ngumu kufikiwa.

Pili, asili ya vijiti. Vijiti viwili vilivyonunuliwa siku tofauti, hata vikiwa na jina moja na rangi moja, vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Profaili ya XMP ilipimwa kwa vijiti vilivyotoka boksi moja. Kuongeza viwili vingine ili viwe vinne ni kesi ngumu zaidi, maana mzigo wa kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa unaongezeka. Mtu mwenye vijiti vinne vya mchanganyiko anayedai 3600 kamili, mimi humwambia mapema ashukuru akipata 3200.

Tatu, toleo la BIOS. Matoleo mapya kwenye AM4 yaliboresha sana uelewano na RAM. Lakini kupandisha BIOS ni kazi ambayo umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na madabodi isiyowaka. Kama huna UPS, au mtaa wenu umeme unacheza, usifanye. Pia rudisha kila kitu kwenye kasi ya kiwandani kwanza. Kupandisha BIOS huku RAM inakosea ni kujitakia.

Nne, volteji. Angalia kama profaili imeweka kweli volti 1.35 kwenye RAM, maana zipo madabodi zinazobadilisha kasi na kusahau volteji ikabaki 1.20. Ikiwa ipo 1.35 na bado inagoma, 1.37 au 1.38 ni jaribio la kawaida. Zaidi ya 1.40 usiende kama huna sababu na huna feni inayopuliza vijiti. Volteji ya SoC, inayolisha kidhibiti cha kumbukumbu, ikae karibu na 1.10, mimi 1.20 sivuki kwenye AM4. Kwenye AM5 kuna mpaka usio wa utani: mwaka 2023 Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua kwenye soketi, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.30 kwa SoC kupitia matoleo mapya ya BIOS. Kama AM5 yako bado ina BIOS ya kabla ya hapo, EXPO isubiri.

Tano, kubali kushuka, na hapa watu hulia bure. 3600 CL18 na 3200 CL16 zina ucheleweshaji uleule: zidisha CL (ile 18 au 16) kwa 2000, gawanya kwa kasi, zote mbili zinatoa nanosekunde 10. Unachopoteza ni upana wa njia tu, na kwenye gemu nyingi huwezi kukihisi kwa macho.

"Windows inawaka vizuri, lakini gemu zinafunga na faili za zip zinasema zimeharibika"

Hii ndiyo dalili inayopoteza siku za watu. Kivinjari kinafunga kurasa chenyewe, gemu linarudi kwenye desktop bila kusema neno, faili ulilopakua linakataa kufunguka, unalipakua tena linafunguka. Skrini za bluu zinakuja na majina tofauti kila siku: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jingine. Majina yakibadilikabadilika hivyo, acha kuyatafuta moja moja mtandaoni. Ni RAM.

Mimi mwenyewe niliwahi kuweka Windows upya mara tatu kwenye mashine moja kabla sijaipima RAM. Mara ya tatu hata kisakinishi kikasema faili zake zimeharibika, na fleshi ilikuwa nzima. Ndipo nikakaa chini.

Kipimo: weka MemTest86 kwenye fleshi, washa kompyuta kupitia fleshi hiyo, iache imalize mizunguko yote minne. Kwa GB 16 inaweza kula saa kadhaa, kwa hiyo ianzishe jioni. Kosa moja ni kosa. Sijali kama ni moja kati ya mabilioni ya anwani. Ikipita, pima pia ndani ya Windows kwa TestMem5 au OCCT, kwa sababu kuna makosa yanayotokea tu prosesa na kadi ya picha zikiwa zimepasha boksi moto.

Hapo kwenye joto nisimame kidogo. Kuna mhariri wa video za harusi hapa Dar es Salaam ambaye mashine yake ilipita kila kipimo usiku, na kila siku ikaanguka saa nane mchana akiwa anatoa kazi ya mteja. Usiku alikuwa na kiyoyozi. Mchana, kuokoa luku, alikuwa na dirisha. Ilikuwa Januari. Vijiti vyake vilikuwa na taimingi zilizobanwa, na chipu za DDR4 zenye taimingi zilizobanwa huanza kukosea zikivuka nyuzi 50 hivi. Hatukununua kitu. Tulilegeza taimingi, tukageuza feni moja ya mbele ielekee vijiti, na ile ajali ya saa nane ikaisha. Tangu hapo mashine ya mtu nampimia katika joto atakalofanyia kazi, si katika baridi ya ofisini kwangu.

Ukipata makosa, zima XMP urudie kipimo. Makosa yakiisha kwenye 2133, vijiti ni vizima na kasi ndiyo tatizo: rudi kwenye zile hatua tano za hapo juu. Makosa yakibaki hata XMP ikiwa imezimwa, pima kijiti kimoja kimoja kwenye sloti ileile. Kijiti kinachokosea peke yake kwenye kasi ya kawaida ni kibovu, na watengenezaji wengi hutoa dhamana ndefu ya RAM, kwa hiyo usikitupe. Lakini kama kila kijiti kinakosea kwenye sloti moja na kupita kwenye nyingine, ni sloti au soketi, na hiyo ni ya fundi.

RAM ikishathibitika, na si kabla, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `sfc /scannow`, uirekebishe Windows. Ukiifanya mapema, unarekebisha faili kwa kutumia kumbukumbu ileile inayoziharibu.

"Inajizima na kujiwasha hata nikiwa sifanyi kitu"

Cinebench, programu ya kupimia prosesa, inapita saa nzima. Gemu linakwenda. Kisha unaiacha inacheza muziki, unarudi unakuta imewaka upya. Hakuna skrini ya bluu. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kuna Kernel-Power 41, ambayo inasema tu kwamba ilizimika ghafla, jambo unalolijua tayari. Shuka chini kidogo utafute WHEA-Logger 18, taarifa ya hitilafu ya vifaa.

Ukiikuta, na uliwahi kugusa Curve Optimizer, kesi imekaribia kuisha. Curve Optimizer hupunguza volteji inayopewa kila kiini cha prosesa, na kila nukta ni kama milivolti 3 hadi 5. Mtu anaona video, anaweka hasi 30 kwa viini vyote, anaendesha Cinebench, inapita, anafurahi. Tatizo ni kwamba mzigo wa viini vyote hukimbia kwa kasi ya chini kidogo. Ajali hutokea mashine ikiwa imetulia, kiini kimoja kinaporuka ghafla hadi GHz 4.4 au zaidi kufungua kitu kidogo, na volteji uliyomwachia haimtoshi. Ndiyo maana inaanguka ukiwa unasoma barua pepe.

WHEA 18 hutaja namba ya APIC ID. Kwenye prosesa kama hii ya 5600, yenye viini sita na nyuzi kumi na mbili, gawanya namba hiyo kwa mbili na uachane na baki: ID 7 ni kiini cha 3, ukihesabu kuanzia sifuri. Kipunguzie kiini hicho peke yake, kutoka hasi 30 hadi hasi 20, kisha hasi 15. Viini bora, vile ambavyo programu ya Ryzen Master huvitia alama ya nyota, ndivyo huvumilia upungufu mdogo kuliko vingine, kwa sababu ndivyo vinavyotumwa kwenye kasi kubwa. Pima kwa CoreCycler, inayokimbiza kiini kimoja baada ya kingine, usiku kucha.

Kama hukugusa Curve Optimizer, angalia kama ulishusha Vcore (volteji ya prosesa) kwa mkono, kisha uje kwenye RAM, kisha umeme.

WHEA 19 ni mtu mwingine. Yenyewe ni onyo la makosa yaliyosahihishwa kwenye mawasiliano ya ndani ya prosesa. Kwenye Ryzen 5000, ukiona zinamiminika kwa mamia, FCLK uliyoweka (kasi ya mawasiliano hayo) ni kubwa mno. MHz 1800 karibu zote hufika. 1900 ni bahati. Mashine inaweza kuonekana imara kabisa huku sauti inakwaruza na USB zinapotea na kurudi. Shusha FCLK.

"Inazima kabisa ninapoweka mzigo"

Kuzima kabisa, kama mtu amechomoa waya, ni lugha ya umeme au ya joto.

Anza nje ya boksi. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, ruka ekstensheni na ruka UPS. UPS ndogo ya VA 650 hubeba wati 360 hivi au pungufu. Prosesa iliyoachiwa mipaka pamoja na kadi ya picha na skrini huivuka mara gemu linapoanza, na UPS huamua kuzima. Mitaa ambayo volteji hushuka jioni watu wakiwasha majiko na pasi, dalili hii hutokea saa hizohizo kila siku. Andika saa.

Ikitokea hata ukutani, fungua HWiNFO, weka mzigo, soma joto la prosesa na la VRM, vile vipande vya kulisha prosesa umeme pembeni mwa soketi. Madabodi nyingi za bei nafuu hazijavalisha VRM hitisinki. Zikichemka, madabodi hupunguza kasi au huzima. Dawa ni kushusha volteji na mipaka ya umeme, na kuipa sehemu hiyo upepo.

Halafu Load-Line Calibration. Volteji huzama mzigo unapokuja, na mpangilio huu huiinua. Ukiulegeza mno prosesa inakosa volteji; ukiukaza mno inapigwa na miruko ya volteji mzigo unapoondoka. Chukua ngazi ya katikati. Kuwa mwangalifu, maana kuna madabodi ambazo ngazi ya 1 ndiyo kali kuliko zote na nyingine ambazo ni laini kuliko zote. Soma maelezo pembeni.

Mwisho ni pawasaplai yenyewe. Iazime nyingine ujaribu. Usiifungue. Kapasita zake hushikilia umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya. Na ukisikia harufu ya plastiki au samaki aliyeoza, ukaona kapasita iliyovimba au plagi ya prosesa ya pini nane imekuwa na rangi ya kahawia, zima swichi ya ukutani na usiiwashe tena "kuangalia kidogo". Hiyo ni ya fundi wa umeme wa kompyuta, leo.

"Inachemka, kasi inashuka"

Kikomo cha Ryzen 5 5600 ni nyuzi 90. Ryzen 7000 zimeundwa kukimbia hadi 95, na Intel K nyingi hadi 100, kwa hiyo namba inayomtisha jirani yako inaweza kuwa ya kawaida kwake. Chumba chenye nyuzi 32 hakiwezi kutoa vipimo ulivyoviona kwenye video iliyorekodiwa Ulaya wakati wa baridi. Ongeza ile tofauti ya joto la chumba kichwani kabla ya kulalamika.

Angalia ile plastiki ya kinga chini ya hitisinki mpya. Ndiyo, watu huisahau. Kisha vumbi, feni iliyogeuzwa upande, skrubu zilizokazwa upande mmoja, pesti iliyokauka. Ondoa kifuniko cha pembeni cha boksi: joto likishuka sana, tatizo ni upepo wa boksi.

Kisha "Auto". Ukiweka kizidishi (namba inayopanga GHz za prosesa) kwa mkono na kuacha volteji kwenye Auto, madabodi nyingi hupandisha volteji kupita kiasi ili zisilaumiwe. Andika volteji mwenyewe. Mimi kwa viini vyote vya Ryzen 5000 kwa mzigo mrefu sivuki 1.30. Ila sikushauri kizidishi cha mkono kwenye prosesa hizi hata kidogo. PBO (nyongeza ya kasi ya AMD inayojiendesha) yenye Curve Optimizer ya hasi 10 hadi 15 huleta karibu faida yote, na inaiachia prosesa ipumzike isipokuwa na kazi.

"Namba zimepanda, lakini imekuwa nzito zaidi"

Umevuka ngazi ya FCLK. Kwenye Ryzen 5000, RAM ya 3600 inaenda sambamba na FCLK ya 1800. Ukiweka 4000, madabodi nyingi hugeuza uwiano kuwa nusu, ucheleweshaji unaongezeka, na 4000 yako inashindwa na 3600 ya mwenzako. Rudi.

Kama ni prosesa, huenda umeshusha volteji mno. Prosesa hizi zikikosa volteji huweza kunyoosha mpigo wake: programu inaonyesha GHz 4.6 huku kazi inayofanyika ni ya kasi ndogo. Pima kwa alama za Cinebench, kabla na baada. Alama zikishuka huku GHz zikipanda, amini alama.

"Mipangilio haipo, au imefifia"

Chipseti za A320, A520 na A620 haziruhusu kuongeza kasi ya prosesa. Kwa Intel unahitaji prosesa ya K na madabodi ya Z. B560 na nyingi zilizofuata huruhusu RAM tu. Ryzen 7 5800X3D imefungwa kizidishi kutoka kiwandani. Na kama yako ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka ofisini Ulaya ikaja kama mtumba, BIOS yake haina kurasa hizo na haitakuwa nazo. Pesa hiyo ongezea SSD.

"Umeme ukikatika, kila kitu kinarudi mwanzo"

Betri ya CR2032 imeisha. Saa nayo itakuwa imerudi nyuma, na kivinjari kitalalamika kuhusu usalama wa kila tovuti. Nunua nyingine, iwe na volti 3, bei ya chapati mbili tatu.

"Nimerudisha kila kitu kiwandani na bado inaanguka"

Hapa utatuzi wa nyumbani unakaribia ukuta. Hakikisha kwanza kwamba kweli umerudi kiwandani: chagua "Load Optimized Defaults", hifadhi, ingia tena uangalie kama XMP imezimwa, maana madabodi nyingine huwasha nyongeza zake bila kukuuliza.

Kwa wenye Intel Core za kizazi cha 13 na 14 za mezani, sababu ya kwanza ya kufikiria si wewe. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volteji kubwa mno na baadhi zikaharibika taratibu. Dalili maarufu ni gemu kusema kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa wakati haijajaa. Marekebisho yalikuja kwa maikrokodi 0x129 mwezi Agosti, kisha 0x12B, kupitia BIOS mpya. Yanazuia uharibifu, hayaponyi iliyokwisha kuharibika. Intel iliongeza dhamana kwa miaka miwili, kwa hiyo tafuta risiti kabla ya kutafuta fundi.

Kwa wengine, prosesa iliyolishwa volteji kubwa kwa miezi huanza kudai zaidi kwa kasi ileile, hadi siku ambayo hata kasi ya kiwandani inaisumbua. Jaribu kuongeza volteji kidogo sana, milivolti 25. Ikitulia, umeshapata jibu: imechakaa. Itakusogeza miezi kadhaa.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi, mpelekee zile picha za BIOS, jina la madabodi na toleo la BIOS yake, matokeo ya MemTest86, na saa ambazo huwa inaanguka. Mwambie pia ulichogusa, chote. Wateja wengi humficha fundi kama mgonjwa anavyomficha daktari dawa za kienyeji, na mimi hujikuta natumia saa mbili za kwanza, kwa gharama yako, kugundua Curve Optimizer ya hasi 30 uliyosahau kuitaja.